Je, Deki ya Bei Ghali Huboresha Picha ya Sinema ya Nyumbani? Mwongozo wa Kujipimia Kabla ya Kununua

Mtu aliyekwisha kununua runinga kubwa au projekta, akafunga spika na kuketi kutazama, hachukui muda mrefu kabla ya kuigeukia deki yake ndogo, nyepesi, na kuanza kuishuku. Hujiuliza kama deki inayouzwa mara tano au mara kumi ya bei ya hiyo aliyonayo ingempa picha bora zaidi. Jibu langu ni kwamba mara nyingi haitampa, ila zipo hali chache ambamo tofauti ni ya kweli na inaonekana kwa macho. Hatua zinazofuata zitakuwezesha kujua kama umo katika mojawapo ya hali hizo. Utahitaji rimoti zote mbili, saa moja au mbili za utulivu, na diski chache unazozifahamu kiasi cha kujua tukio gani linafuata.

Hatua ya kwanza: fahamu kazi ambayo deki hufanya

Diski haibebi picha; hubeba namba zilizobanwa ili zitoshe. Blu-ray ya kawaida, diski iliyokuja baada ya DVD na kuingia sokoni mwaka 2006, ina gigabaiti 25 katika safu moja au 50 katika safu mbili, na filamu iliyomo huwa na pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080, fremu 24 kwa kila sekunde. Filamu hiyo isingebanwa, diski nzima ya gigabaiti 50 ingejaa katika muda wa takriban dakika kumi na moja. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya deki ni kusoma namba hizo kwa leza, na kazi ya pili ni kuzifumua mpaka zirudi kuwa fremu kamili.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu wanadhani kwamba deki iliyotengenezwa kwa uangalifu zaidi itafumua kwa ustadi zaidi, kama vile fundi mzoefu anavyoshona vizuri kuliko mwanafunzi wake. Mambo hayako hivyo. Mfumo wa kubana picha wa H.264, unaotumika katika Blu-ray nyingi, na ule wa HEVC unaotumika katika diski za 4K, zenye pikseli mara nne ya hizo, umeandikwa kwa namna ambayo kila deki inayoufuata lazima ipate namba zilezile, hadi tarakimu ya mwisho. Deki ya bei rahisi na ya bei ghali zikiisha kufumua diski ileile, zinashika fremu ileile mikononi. Ni katika MPEG-2 tu, mfumo wa zamani wa DVD, ndipo tofauti ndogo sana za ukokotoaji ziliruhusiwa, nazo hazionekani kwa jicho la kawaida.

Usomaji nao hauna daraja za uzuri. Diski ina namba za ziada za kusahihisha makosa, hivyo mkwaruzo mdogo hurekebishwa kabisa bila kuacha alama yoyote. Makosa yakizidi uwezo wa masahihisho hayo, picha huganda au hutapakaa vipande vya mraba kama vigae vilivyopangwa ovyo. Haitatokea kwamba usomaji mbaya ukaleta weusi uliofifia au rangi za ngozi zisizopendeza. Vivyo hivyo kwa waya wa HDMI, unaopeleka namba hizo hadi kwenye runinga: ukiwa na hitilafu utaona vimulimuli, skrini itazima na kuwaka, au hutaona kitu. Anayekuambia kwamba sanduku zito la alumini au waya mnene umeongeza kina cha picha anaeleza hisia yake, na hisia hiyo huenda ni ya dhati, lakini chanzo chake hakimo ndani ya sanduku.

Mahali pamoja panabaki ambapo deki mbili zinaweza kuachana hata kwenye diski ya kisasa. Rangi huhifadhiwa kwa robo tu ya idadi ya pikseli za mwangaza, yaani katika Blu-ray ya kawaida rangi zina ramani ya 960 kwa 540, na deki ndiyo inayoipanua kabla ya kuituma kwenye runinga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 deki nyingi za DVD, zikiwemo za bei ghali, zilikosea upanuzi huo na kuacha michirizi ya mlalo kwenye kingo za vitu vyekundu. Ukitaka kukagua deki yako, simamisha picha penye maandishi mekundu juu ya mandhari meusi, kisha sogea mpaka uso wako uwe karibu na skrini. Kingo zikiwa laini na zisizo na meno, deki haina tatizo hilo.

Hatua ya pili: tazama nyuma ya runinga

Geuza runinga au ingiza mkono uone ni waya gani unaotoka kwenye deki. Ukikuta plagi ya njano, au zile tatu za nyekundu, kijani na bluu, basi deki yako inageuza namba kuwa mawimbi ya umeme kabla ya kuyatuma, na ubora wa chipu inayofanya kazi hiyo huonekana moja kwa moja kwenye picha. Huko ndiko uliko mzizi wa ushauri wa zamani kwamba deki ghali hutoa picha nzuri. DVD ilianza kuuzwa mwaka 1996, ilhali toleo la kwanza la HDMI lilitolewa Desemba 2002, na katika miaka hiyo ya katikati ushauri huo ulikuwa sahihi. Umeendelea kurudiwa hata baada ya sababu yake kuondoka.

Ukiwa na plagi ya njano na runinga yako ina tundu la HDMI, hamia HDMI leo, hata kwa deki ya bei ya chini kabisa. Badiliko utakaloliona ni kubwa kuliko lolote lingine katika mwongozo huu.

Hatua ya tatu: hesabu diski zako

Panga diski zako katika mafungu matatu: DVD, Blu-ray ya kawaida, na Blu-ray ya 4K. Fungu lililo kubwa ndilo litakaloamua.

Kama wingi ni Blu-ray ya kawaida na runinga yako ni ya pikseli 1920 kwa 1080, huna sababu ya kuendelea kuwaza kuhusu picha. Deki yoyote isiyo mbovu inatuma kila pikseli mahali pake. Kama runinga ni ya 4K, lazima kifaa kimoja kizidishe pikseli hizo mara nne, lakini runinga nyingi za sasa hufanya kazi hiyo vizuri zenyewe.

Kama wingi ni DVD, mambo hubadilika. DVD ina pikseli 720 kwa 576 au 720 kwa 480, kutegemea eneo ilikotolewa. Skrini ya 4K ina pikseli 8,294,400, nayo DVD ya mistari 576 ina 414,720, yaani moja kwa ishirini kamili. Pikseli kumi na tisa kati ya kila ishirini unazoziona hazikuwahi kuwemo kwenye diski. Zimekisiwa na chipu, ama ya deki ama ya runinga, na ubora wa makisio hayo hutofautiana.

Tena DVD nyingi zimehifadhiwa kwa nusu-fremu, ambapo mistari ya namba witiri hutumwa kwanza na ile ya shufwa hufuata. Filamu za fremu 24 zilizowekwa kwenye diski za mfumo wa NTSC, zile za mistari 480, hugawanywa kwa kupokezana nusu-fremu tatu, mbili, tatu, mbili, ili zitimie sitini kwa sekunde, na zile za PAL, za mistari 576, huharakishwa kwa takriban asilimia 4 zifikie fremu 25. Deki nzuri huitambua pokezano hiyo na kuirudisha kila nusu kwa mwenzake. Deki dhaifu hupoteza hesabu kila mhariri wa filamu alipokata mahali pasipotarajiwa, na kwa robo ya sekunde hivi mistari hukosa wenza wake.

Ili kuipima deki yako, tafuta kwenye DVD tukio ambalo kamera inapita polepole mbele ya viti vitupu vya uwanja wa michezo, au mbele ya uzio wa nondo nyembamba. Tazama mistari hiyo wakati kamera inasogea. Ikibaki imetulia, kazi imefanywa vyema; ikimetameta, ikitoa mawimbi yasiyokuwepo, au ikionyesha meno kama ya msumeno, chipu imeshindwa. Tamasha la muziki lililorekodiwa kwa kamera ya video ni kipimo kikali zaidi, kwa kuwa hapo hakuna fremu nzima za kurudishwa: angalia nyuzi za gitaa linapoinamishwa.

Kabla hujaihukumu deki, ingia kwenye menyu yake na ubadilishe ukubwa wa picha inayotumwa. Ijaribu kwanza kwa 576 au 480, ili runinga ndiyo ipanue, kisha 1080, halafu 4K kama ipo, ukirudia tukio lilelile. Kwa njia hiyo utagundua ni nani kati ya hao wawili anayekisia vizuri, na huenda ukamaliza tatizo bila kununua chochote. Ikiwa chaguo zote zina meno, na una rafu nzima ya DVD usizotaka kuziacha, deki yenye chipu bora ina faida kwako. Angalia tu kwamba nimesema chipu bora. Bei si kipimo chake.

Hatua ya nne: ukiwa na diski za 4K, pima mwangaza wa skrini yako

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo deki ya leo inapoweza kustahili fedha za ziada. Blu-ray ya 4K ilianza kuuzwa mwaka 2016, na kikubwa ilicholeta, kwa macho yangu, ni HDR, yaani picha yenye upana mkubwa zaidi kati ya giza na mwangaza, kuliko wingi wa pikseli. Katika runinga ya inchi 55, jicho lenye uwezo wa kawaida huacha kutenganisha pikseli za 1080 ukiketi umbali wa takriban mita 2.2, na za 4K ukiwa takriban mita 1.1, hivyo anayeketi mita tatu kutoka skrini ya namna hiyo hawezi kuzivuna pikseli za ziada hata deki iwe ya dhahabu. HDR, kwa upande wake, huonekana kutoka kiti chochote.

Tatizo ni kwamba diski za HDR hutengenezwa kwa kutumia skrini za studio zinazofikia niti (kipimo cha mwangaza wa skrini) 1,000 au hata 4,000, na mfumo wenyewe unaruhusu hadi 10,000. Runinga nyingi za kawaida hazifikii nusu ya 1,000, na projekta ya nyumbani mara nyingi hutupa kwenye pazia niti mia moja au chini ya hapo. Basi lazima kuwe na mtu wa kuamua: sehemu zinazozidi uwezo wa skrini zikatwe, au picha nzima ibanwe ili zienee? Ukikata, mawingu meupe hugeuka bati moja lisilo na umbo. Ukibana kupita kiasi, chumba kilichomulikwa na mshumaa huwa giza ambalo humo hutambui nani anasema.

Runinga zenye mwanga wa kutosha hufanya uamuzi huo zenyewe, nyingi kwa ufanisi. Projekta ndizo hushindwa mara kwa mara, pamoja na runinga za bei ya chini ambazo hupokea HDR kwa jina tu. Katika hali hizo deki inayoweza kubana mwangaza kabla ya kuutuma hufanya tofauti ambayo hata mtu asiyejali mambo haya ataiona. Deki za Panasonic zenye kipengele kinachoitwa HDR Optimizer ni mfano mzuri: kwenye menyu unachagua aina ya skrini uliyonayo, ikiwemo projekta, na deki inapanga mwangaza kulingana nayo. Mfano huo unafundisha jambo la pili pia. Kipengele hicho kimo katika DP-UB820 na katika DP-UB9000 iliyo ghali zaidi, lakini kimo vilevile katika DP-UB420 iliyo chini yao. Ukipanda kutoka 420 hadi 820 unaongeza Dolby Vision, aina ya HDR nitakayoieleza punde, na matundu ya sauti ya analogia. Ukipanda hadi 9000 unaongeza zaidi ujenzi mzito na sauti ya analogia yenye plagi za XLR.

Dolby Vision na HDR10+ zinahitaji uangalizi wake. HDR10 ya kawaida hutoa maelekezo ya mwangaza mara moja kwa filamu nzima, ilhali mifumo hii miwili hutoa maelekezo mapya kwa kila tukio. Hata hivyo, inafaa tu ikiwa diski, deki na runinga zote zinauelewa mfumo uleule. Soma orodha ya sifa za runinga yako kwanza, kwa maana kulipia Dolby Vision ukiwa na runinga isiyoitambua ni kuchota maji kwa pakacha.

Kipimo chake: weka diski ya 4K yenye tukio la mchana wa jua kali na jingine la usiku. Mchana, tafuta mawingu au nguo nyeupe na uone kama mikunjo ipo. Usiku, tafuta uso ulioangazwa upande mmoja na uone kama upande wa kivuli bado una jicho ndani yake. Vyote viwili vikiwepo, skrini yako imejitosheleza.

Hatua ya tano: rekebisha runinga kabla ya kuilaumu deki

Niliwahi kuazima deki nzito ya rafiki yangu, ya bei ambayo ilinifanya niibebe kwa mikono miwili, nikaichomeka kwenye tundu la pili la HDMI kwa kuwa la kwanza lilikuwa na deki yangu. Picha ilikuwa bora bila ubishi: nyuso zilikuwa na rangi ya ngozi ya watu badala ya rangi ya chungwa, na weusi ulikuwa na tabaka. Nilikuwa nimekwisha kuanza hesabu za fedha ilipopita siku moja, nikabadilisha nyaya ili kuondoa vumbi, na uzuri wote ukahamia kwenye deki yangu kuukuu. Runinga nyingi huhifadhi mipangilio ya kila tundu peke yake. Tundu la pili niliwahi kuliweka katika hali ya sinema, na la kwanza lilibaki katika ile hali ya kung'aa sana ambayo viwanda huichagua ili runinga ivutie dukani.

Kwa hiyo, katika tundu linalotumiwa na deki, fanya yafuatayo. Chagua hali ya picha ya sinema, iwe imeandikwa Movie, Cinema au Filmmaker. Shusha ukali wa picha hadi pale mistari myeupe ya bandia inapotoweka pembezoni mwa vitu. Zima ulainishaji wa mwendo ikiwa filamu zinaonekana kama tamthilia ya mchana. Hakikisha runinga haikuzi picha na kukata kingo zake. Kwa diski za 4K, washa kwenye menyu ya runinga ruhusa ya tundu hilo kupokea mawimbi kamili ya HDR, kwa kuwa runinga nyingi hutoka kiwandani ruhusa hiyo ikiwa imezimwa. Upande wa deki, ruhusu fremu 24 kwa sekunde.

Kisha kagua kiwango cha weusi. Video kwenye diski hutumia namba 16 kwa weusi na 235 kwa weupe, badala ya 0 na 255 zinazotumiwa na kompyuta. Deki ikituma kwa kipimo kimoja na runinga ikasoma kwa kingine, picha hupauka kama iliyofunikwa na moshi, au vivuli huzama kuwa wino mtupu. Kasoro hii peke yake imeuza deki nyingi zisizohitajika, kwa sababu mnunuzi hubadilisha kifaa, mipangilio ikalingana kwa bahati, na sifa ikaenda kwa bei.

Hatua ya sita: jua fedha inakwenda wapi

Deki ghali hulipiwa kwa mambo halali ambayo hayahusu picha: mtambo usio na kelele, kufungua diski upesi, uwezo wa kusoma diski za sauti za SACD, na mara nyingine tundu la pili la HDMI kwa ajili ya risiva ya zamani isiyopitisha 4K. Kama spika zako zimeunganishwa kwa analogia, sauti inaweza kuwa sababu tosha. Ila usichukulie kwamba kilichomo ndani daima hulingana na ganda. Mwaka 2010 wakaguzi wa vifaa walifungua deki moja ya kifahari ya Blu-ray na kukuta ndani yake deki nzima ya kampuni nyingine, pamoja na kasha lake, ambayo iliuzwa peke yake kwa takriban sehemu moja ya saba ya bei hiyo.

Zingatia pia kwamba watengenezaji wanapungua. Oppo, iliyokuwa kipenzi cha wapenda picha, ilitangaza mwaka 2018 kuacha kutengeneza deki, kwa hiyo upatikanaji wa vipuri na programu mpya ni sehemu ya bei hata kama haikuandikwa.

Hatua ya saba: jaribu bila kujua ni ipi

Ukiisha kupita hatua zote na bado deki ghali inakuvuta, iazime au inunue mahali panapokubali kurejeshewa bidhaa. Tumia tundu lilelile la runinga na waya uleule kwa deki zote mbili, na uzipe mipangilio inayofanana. Mwombe mtu mwingine arushe sarafu na achomeke deki kulingana na upande uliotua, wewe ukiwa nje ya chumba, kisha akuite utazame tukio lilelile kwa dakika moja. Afunike taa na maandishi ya deki, naye atazame pembeni ili uso wake usikuambie kitu. Andikeni majibu bila kuyajadili, na mrudie mara kumi.

Anayebahatisha tu hupata majibu sahihi tisa au kumi mara moja katika takriban majaribio mia ya namna hiyo, hivyo ukipata tisa, tofauti ipo na unaiona. Kilichobaki ni kuamua kama inalingana na bei, na pia kuuliza kama mpangilio fulani wa deki yako ungeweza kuifidia. Ukipata tano au sita, irudishe deki kabla ya siku za kurejesha bidhaa kuisha, na kwa hiyo tunza boksi, maboya yake na karatasi zote tangu siku ya kwanza.